Sakafu imekauka, au imekauka juu tu?

Kila masika yakimalizika, Arusha na Moshi hurudi kwenye ubishi uleule. Nyumba imehamiwa juzi tu, na tayari sakafu ya sebuleni imeanza kuinuka. Vipande vya vinaili vimeachana kwenye maungio, mbao za parke zimepandisha kingo, na ukikanyaga karibu na mlango unasikia panabonyea. Fundi anasema gundi ilikuwa mbovu. Muuza duka anasema gundi haina shida, fundi ndiye hakusafisha vumbi. Mwenye nyumba naye anaapa kwamba alisubiri mwezi mzima kama alivyoelekezwa. Katika kazi yangu ya kukagua majengo nimesikiliza mabishano mengi ya namna hii, na swali linalosahaulika ni moja: kabla kopo la gundi halijafunguliwa, nani alipima maji yaliyobaki ndani ya sakafu? Karibu kila mara hakuna aliyepima.

Wazee wetu hawakusumbuka sana na jambo hili. Sakafu zao zilikuwa za niru, na niru hata ikiwa na maji chini yake huyaachia hewani pole pole bila mtu kujua. Baadaye zikaja tailizi, ambazo nazo zinavumilia. Siku hizi tunafunika sakafu kwa vitu visivyopitisha mvuke: vinaili, kapeti za PVC, epoksi, lamineti yenye nailoni chini yake. Tumeziba mlango ambao maji yalikuwa yakitokea. Tena ujenzi umeshika kasi. Arusha inajengewa uwanja kwa ajili ya AFCON 2027, kila mwenye kiwanja anawaza chumba cha mgeni, na siku za kusubiri sakafu ndizo za kwanza kukatwa kwenye ratiba.

Tabaka kwa tabaka

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Sakafu ya chini ya nyumba ya kawaida huku kwetu ina tabaka kadhaa. Kuna udongo ulioshindiliwa, juu yake mawe au moramu, kisha, kama mjenzi alikuwa makini, nailoni nene ya kuzuia unyevu wa ardhini, ile mafundi wanayoiita DPM. Juu ya nailoni humwagwa zege la jamvi, aghalabu sentimita 10 au zaidi. Jamvi huachwa na uso wa kukwaruza. Kuta zikishapigwa lipu, ndipo linapowekwa tabaka la mchanga na saruji la kusawazisha, la sentimita 3 hadi 7 kutegemea jamvi lilivyopishana. Tabaka hilo ndilo skridi. Wengine husema tu “kupiga sakafu”. Chochote utakachobandika, iwe vinaili, mbao au tailizi, kinakaa juu ya skridi.

Sasa maji. Saruji haiwi ngumu kwa kukauka; inakuwa ngumu kwa kuungana na maji. Maji yanayofungwa moja kwa moja ndani ya saruji ni kama robo ya uzito wake, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 unafunga lita 12 na kitu. Lakini jaribu kuchanganya mfuko wa saruji na mchanga wake kwa lita 12 tu: mchanganyiko haugeuziki kwa chepe wala hausawaziki kwa rula. Ndiyo maana fundi anamimina lita 25, wakati mwingine 30, na mchanga wenyewe mara nyingi umeletwa ukiwa umelowa. Kile kisichofungwa na saruji kinabaki kwenye vitundu vidogo vidogo vya skridi, kikisubiri njia ya kutoka.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 4 chenye skridi ya sentimita 5. Hiyo ni meta za ujazo 0.8. Kwa kipimo kimoja cha saruji kwa vinne vya mchanga, inakula mifuko kama sita. Kila mfuko ukiacha lita 12 za ziada, unapata lita zaidi ya 70, yaani zaidi ya ndoo tatu na nusu za lita 20, zilizokaa chini ya miguu yako katika chumba kimoja. Sehemu kubwa ya maji hayo inapaswa kupanda juu na kuondoka na hewa. Na hapo jamvi hatujaligusa. Kama jamvi nalo ni jipya na hakuna kizuizi kati yake na skridi, maji yake yatapitia humo humo kwenye skridi, na jamvi ni nene zaidi.

Siku 28 zilitoka wapi?

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni “nisubiri siku ngapi?” Na jibu linalotolewa mitaani kuliko yote ni siku 28.

Siku 28 ni namba ya kweli, ila ni ya jambo lingine. Ni umri ambao wahandisi wanapima nguvu ya zege: vipande vya zege vinavunjwa maabara siku ya 28 kuona vimefikia nguvu iliyotakiwa. Zege lililotunzwa ndani ya maji siku zote 28 linafaulu kipimo hicho vizuri kabisa, tena mara nyingi kuliko lililoachwa juani. Limekomaa, lakini limelowa chepechepe.

Kukomaa na kukauka ni kazi mbili, na ya pili inaanza ya kwanza ikishapita. Siku kama saba za mwanzo skridi inatakiwa ibaki na unyevu: inamwagiliwa, inafunikwa kwa nailoni au magunia mabichi, ili saruji ipate maji ya kuungana nayo. Fundi anayekwepa hatua hii ili “ikauke haraka” anakupa sakafu inayotoa vumbi na kupasuka. Baada ya wiki hiyo ndipo unapofunua, unafungua madirisha, na kuanza kuhesabu.

Uingereza wanatumia kanuni ya kukadiria ya milimita moja kwa siku kwa skridi ya saruji isiyozidi milimita 50, chumba kikiwa na joto la wastani na hewa inayozunguka. Unene ukizidi hapo, kila milimita inachukua zaidi ya siku. Kwa hiyo skridi ya sentimita 5 inahitaji wiki ya kukomaa na siku 50 za kukauka, karibu miezi miwili. Mtu aliyeambiwa mwezi mmoja aliambiwa nusu ya safari.

Lakini hata hayo ni makadirio ya chumba chenye hewa nzuri. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai kuna asubuhi ambazo wingu halipandi hadi saa tano na manyunyu yanadondoka. Skridi haiwezi kukauka kuliko hewa inayoizunguka. Iliyomwagwa Januari Moshi, jua likiwaka na upepo ukipita, na iliyomwagwa mwishoni mwa Aprili Sakina, Arusha, mchanganyiko uleule na fundi yuleyule, hazikutani siku moja. Ongeza jambo hili: nyumba nyingi hupigwa sakafu kabla ya madirisha ya alumini kufika. Mvua moja ya upande ikiingia usiku, hesabu yako ya siku imeharibika. Na kama fundi alimalizia kwa niru, akaisugua kwa mwiko wa chuma mpaka ikang’aa, amefunga vitundu vya juu; sakafu ya namna hiyo inapendeza, lakini inaachia maji taratibu zaidi.

“Mama, we gusa uone”

Njia inayotumika zaidi kupima sakafu hapa mjini ni kiganja cha mkono. Fundi anapiga goti, anapapasa, anamwambia mwenye nyumba: “Mama, hii imeshakauka, we gusa uone.” Mama anagusa, ni kweli, pakavu. Rangi nayo imegeuka kuwa ya kijivu cheupe. Wote wawili hawadanganyi. Wanachokosea ni kudhani kwamba uso unawakilisha kilichomo ndani.

Wakulima wa Kilimanjaro na Meru wanalijua jambo hili vizuri kupitia kahawa. Kahawa ya ganda ikiwa mezani juani, ganda la nje hutangulia kukauka hadi linakwaruza mkononi, huku punje ndani bado ni laini. Ukiiwahisha kwenye gunia, maji ya ndani husambaa tena, ganda linarudi kuwa na unyevu, na ukungu unaingia. Ndiyo sababu mnunuzi makini haridhiki kwa kuambiwa kahawa imekaa mezani siku ngapi. Anachukua sampuli, anaiweka kwenye kipimo, anataka unyevu wa asilimia 10 hadi 12.

Skridi inafuata mwenendo huohuo. Inakauka kuanzia juu kwenda chini, kwa sababu juu ndiko iliko hewa. Milimita kadhaa za juu zinaweza kuwa kavu kabisa wakati sentimita ya chini imejaa maji. Ilimradi uso uko wazi, hali hiyo inaendelea: maji yanapanda, yanatoka. Siku unapobandika vinaili, mlango unafungwa. Maji hayana pa kutokea, yanajisambaza upya hadi unyevu wa juu unakaribia wa chini. Sasa gundi iliyobandikwa kwenye uso mkavu inajikuta imekaa kwenye uso wenye maji, tena si maji matupu: maji yanayotoka kwenye saruji yana ukali wa magadi, unaokula gundi nyingi.

Niliwahi kuinua vipande vya vinaili kwenye nyumba moja Moshono, miezi michache tu baada ya kubandikwa. Gundi iliyotakiwa kuwa ngumu ilikuwa bado rojo, nyeupe, inavutika kwa kidole. Chini yake skridi ilikuwa na rangi ya kijivu kilichokoza, na pembeni, karibu na ukuta, kulikuwa na unga mweupe wa chumvi. Harufu yake mtu akiishaisikia haisahau. Uso wa juu wa vinaili ulikuwa safi kabisa, bila doa.

Asilimia zinazochanganya watu

Hapa ndipo hata watu waliosoma wanapopotea. Mmoja amesikia sakafu iwe chini ya asilimia 75. Mwingine ameambiwa asilimia 2. Wa tatu ana mita ya unyevu aliyoagiza mtandaoni inayomwandikia 16. Wanabishana, kumbe kila mmoja anazungumzia kitu chake.

Asilimia 75 ni unyevu wa hewa, si wa skridi. Ukifungia hewa kidogo juu ya sakafu isitoke wala isiingie nyingine, hewa hiyo itavuta au kuachia mvuke hadi ilingane na vitundu vya sakafu. Hapo unyevu wa hewa unakuambia hali ya sakafu. Kipimo cha Uingereza kwa vinaili na jamii yake ni asilimia 75 au chini ya hapo. Watengenezaji wengi wa sakafu za mbao wanataka pungufu zaidi.

Asilimia 2 ni uzito wa maji ndani ya kipande cha skridi kilichovunjwa na kupimwa kwa chupa ya kabaidi, njia inayotumika sana Ujerumani na nchi jirani zake. Skridi ya saruji ikifika 2.0, au 1.8 kama ina mabomba ya kupasha joto, inahesabiwa tayari. Usijaribu kugeuza 75 kuwa 2 au 2 kuwa 75 kwa hesabu. Hakuna kanuni moja inayofaa kwa kila skridi.

Na ile 16 ya mita ya mkononi mara nyingi ni kipimo cha mbao. Mita hizo zimetengenezwa kusoma mbao, na ukizigusisha kwenye saruji zinatoa namba isiyo na maana ya moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikuambia “imefika asilimia kadhaa”, mwulize kwanza: kwa kifaa gani?

Vipimo vyenyewe

Cha kwanza ni cha nailoni, na karibu kila fundi amekisikia. Unakata kipande cha nailoni angavu, sentimita 45 kwa 45, unakibandika sakafuni kwa solotepu pana pande zote nne bila kuacha mwanya, unaacha saa 16 au zaidi. Ukikuta matone kwa ndani, au sakafu chini yake imekoza rangi, hairuhusiwi kubandika kitu. Hilo ni jibu la uhakika.

Tatizo ni jibu la upande wa pili. Ukikuta nailoni kavu, hujathibitisha chochote. Matone hujitokeza hewa ya chini ya nailoni inapofika asilimia 100 pale inapogusana na plastiki. Sakafu yenye asilimia 85 au 90, ambayo itaharibu vinaili bila shaka, inaweza kukuonyesha nailoni kavu asubuhi, hasa kama chumba hakikupoa usiku. Tumia kipimo hiki kukataa sakafu, usikitumie kuikubali.

Mita za unyevu za mkononi, za pini au za kuweka juu tu, zina faida moja kubwa ambayo watu hawaitumii: zinatembea. Ndani ya robo saa unaweza kupitia nyumba nzima na kuona wapi namba ni kubwa kuliko kwingine. Usijali namba yenyewe, angalia tofauti. Kuwa mwangalifu na nondo, mabomba na chumvi, vyote vinapandisha usomaji. Ukishapata sehemu yenye unyevu zaidi, hapo ndipo pa kuweka kipimo cha kweli.

Kipimo cha kweli kinachowezekana kwa mtu wa kawaida ni sanduku la haigromita. Haigromita ni kile kifaa kidogo kinachoonyesha joto na unyevu wa hewa; wafugaji wa kuku wanakijua kwa sababu kinakaa ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga. Unachukua chombo cha plastiki angavu kisichopitisha hewa, unaweka haigromita sakafuni, unakifunika nacho kifudifudi, unaziba ukingo wake kwa tepu nzito ya mpira au plastisini mpaka hewa isipite. Eneo la kuzunguka, kama mita moja kila upande, ulifunike kwa nailoni ili maji yasikwepe pembeni. Juu ya chombo weka boksi la povu gumu jeupe (polistirini), lile linalofungiwa televisheni, joto lisipande na kushuka. Kisha acha. Usisome saa mbili baadaye. Soma kesho yake, na keshokutwa. Namba ikiacha kubadilika ndiyo jibu, na kwa kawaida inachukua siku moja hadi tatu, skridi nene zaidi ya hapo.

Wengi wananiuliza kama kifaa cha bei rahisi kinaaminika. Kinaweza kuaminika, ukikipima kwanza, na njia ya kukipima iko jikoni kwako. Chukua kifuniko cha soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo hadi chumvi iwe kama mchanga mbichi, isiyeyuke yote. Weka kifuniko hicho pamoja na haigromita ndani ya kopo linalobana, funga, liache usiku kucha ndani ya nyumba, mbali na jiko na jua. Hewa iliyofungiwa na chumvi iliyolowa ya namna hiyo inatulia kwenye unyevu wa asilimia 75, iwe nyuzi 20 au 25. Ni sheria ya asili, haibadiliki kwa duka uliponunulia kifaa. Asubuhi haigromita ikisoma 71, unajua inapunguza kwa 4. Utaongeza 4 kwenye kila usomaji wako wa sakafuni. Ikisoma 60, rudisha dukani. Na bahati nzuri 75 ndio mpaka wenyewe tunaoutafuta, kwa hiyo umekihakiki kifaa pale pale unapokihitaji.

Jambo moja zaidi kuhusu haigromita: usiiweke mezani chumbani ukadhani inapima sakafu. Usiku wa masika hewa ya Moshi yenyewe inaweza kupita 75. Bila sanduku unapima hali ya hewa.

Ndugu wa sanduku ni kipimo cha tundu, kinachotumika sana Marekani. Unatoboa kwa drili hadi kina cha asilimia 40 ya unene, kama sakafu inakauka kwa upande wa juu tu. Jamvi la sentimita 10 linatobolewa sentimita 4. Tundu linasafishwa, linawekwa bomba dogo na kuzibwa, na baada ya saa 24 kichwa cha haigromita kinasoma hewa ya ndani. Kina hicho kimechaguliwa kwa sababu unyevu wake unakaribia ule ambao sakafu nzima itakuwa nao ikishafunikwa. Kwa maoni yangu, jengo lolote la biashara lenye jamvi jipya lipimwe hivi.

Chupa ya kabaidi ndiyo ya haraka kuliko zote. Mpimaji anavunja skridi hadi chini kabisa, anachukua vipande vya kina chote, anavisaga, anapima uzito, anavitia ndani ya chupa ya chuma pamoja na gololi za chuma na kichupa cha kioo chenye kalsiamu kabaidi. Anafunga, anatikisa, kichupa kinavunjika. Kabaidi ikikutana na maji inatoa gesi ya asetilini, ileile ya mafundi wa kuchomelea, na mshale wa shinikizo unapanda kulingana na maji yaliyomo. Katika dakika chache una jibu. Vifaa vya aina hii hutumika pia kupima unyevu wa udongo kwenye kazi za barabara, kwa hiyo kwenye mji wenye wakandarasi wa barabara si kitu kigeni. Hasara zake ni tundu linalobaki sakafuni na kwamba gesi hiyo inashika moto, asiyefundishwa asiiguse.

Pima sehemu ngapi? Chumba kimoja, angalau sehemu moja, ile yenye unyevu zaidi. Eneo la hadi meta za mraba 100, si chini ya tatu. Usiache kona iliyo mbali na dirisha, ukuta wa nje, na sehemu inayopakana na bafu.

Kama namba haishuki

Ukipima leo ukapata 88, baada ya wiki mbili 84, kisha 80, tulia. Hayo ni maji ya ujenzi, yana mwisho. Endelea kusubiri.

Ukipata 90, kisha 90, kisha 92 baada ya mvua, hilo ni jambo jingine. Maji yanaingia kila siku, na hakuna kiasi cha kusubiri kitakachosaidia. Kwanza funga maji ya nyumba nzima uangalie kama mita ya maji inazunguka. Bomba linalovuja chini ya skridi linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kama si bomba, ni ardhi. Sehemu za chini za Moshi, kuelekea Pasua na Mabogini ambako kuna mifereji ya umwagiliaji, na za Arusha zilizo jirani na mito ya Themi na Naura au chini ya mteremko wa Meru, maji hayako mbali. Kama nailoni haikuwekwa chini ya jamvi, au iliwekwa ikatobolewa na nondo na toroli, maji yanapanda kupitia vitundu. Moramu laini iliyowekwa badala ya mawe inayapandisha zaidi.

Hapo una njia chache, na zote zina gharama. Kuna rangi za epoksi za kuzuia unyevu zinazopakwa juu ya skridi kabla ya gundi. Kila moja ina kikomo chake cha unyevu kilichoandikwa na mtengenezaji, na nyingi hazikutengenezwa kuzuia maji yanayosukuma kutoka chini. Kuna kuchimba mfereji wa kupitisha maji nje ya nyumba. Na kuna kubadili uamuzi: weka tailizi kwa gundi ya saruji, uache vinaili kwa ghorofa ya juu. Mimi ningeanza na hilo la mwisho.

Tailizi zenyewe hazina kinga kamili. Zinavumilia unyevu kwa kuwa gundi yake ni saruji na mvuke unatoka kwenye maungio. Lakini skridi inasinyaa inapokauka, na tailizi iliyobandikwa mapema mno inaachana nayo: ukiigonga inatoa sauti ya uwazi, baadaye inainuka. Kwa mbao hali ni kali zaidi. Mninga au mtiki ukifyonza maji kwa chini huku juu ni pakavu, upande wa chini unavimba na kingo zinapanda. Mbao nazo zipimwe, na zikae siku kadhaa ndani ya chumba zitakapowekwa kabla ya kubandikwa.

Kuhusu kuharakisha: fungua madirisha mchana, washa feni, ukiweza kodi mashine ya kunyonya unyevu. Usiwashe jiko la gesi au la mafuta ya taa ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi ikiungua inatoa maji. Kila kilo ya gesi ya kupikia inaachia zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke, unaourudisha humo humo sakafuni. Mkaa hautoi maji mengi, ila unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua. Sijali kama mlinzi analala humo au la, mkaa usiingie.

Anayepima awe nani? Mara nyingi fundi wa vinaili hakuwepo skridi ilipomwagwa, na aliyemwaga hatakuwepo vinaili vikiinuka. Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayepaswa kudai namba. Iandikwe kwenye karatasi: tarehe, chumba, mahali hasa, kifaa kilichotumika, unene wa skridi, namba iliyosomwa, na sahihi ya fundi anayekwenda kubandika. Piga na picha ya kifaa kikiwa sakafuni. Watengenezaji wa sakafu hizi wameweka kikomo cha unyevu kwenye maelekezo ya boksi, na bila rekodi hiyo dhamana yao haikusaidii. Kama kati ya kipimo na siku ya kubandika mvua imeingia ndani, au mtu ameosha sakafu kwa ndoo, pima tena.